Chris Hani: Mpiganaji aliyewaandikia waraka makamanda wake

Hospitali kubwa ya Soweto, kusini-magharibi mwa Johannesburg, ina jina la mtu ambaye hakuwa daktari wala mfadhili. Tangu mwaka 1997 hospitali ya Baragwanath imekuwa ikiitwa Chris Hani Baragwanath, kwa kumbukumbu ya aliyekuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, jeshi la wapiganaji wa chama cha African National Congress, ANC.

Katika Afrika Mashariki Hani hukumbukwa zaidi kwa kifo chake, alipopigwa risasi nje ya nyumba yake mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya Waafrika Kusini wote kupiga kura. Lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba miaka 24 kabla ya siku hiyo nusura auawe na wenzake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kuandika.

Maisha yake ya kijeshi, ambayo sehemu yake ilipita katika ardhi ya Tanzania, yalizunguka swali ambalo majeshi mengi ya Afrika hayajalimaliza: je, askari ana haki ya kumdai kamanda wake maelezo? Hani alilijibu kwanza akiwa mlalamikaji. Baadaye alilazimika kulijibu akiwa yeye ndiye anayelalamikiwa.

Kijana wa Kilatini

Alizaliwa tarehe 28 Juni mwaka 1942 katika kijiji cha Sabalele, karibu na mji mdogo wa Cofimvaba, Transkei, na kupewa jina la Martin Thembisile. Chris lilikuwa jina la ndugu yake. Alilichukua baadaye kama jina la vitani, na likamganda.

Baba yake, Gilbert, alikuwa mmoja wa maelfu ya wanaume wa Transkei walioacha wake na watoto kijijini na kwenda kutafuta kazi mijini. Mama aliyebaki alilima kipande cha ardhi kisichotosha. Fedha zilifika kutoka mjini mara kwa mara, na baba mwenyewe mara chache.

Familia ilikuwa ya Kikatoliki, na mtoto alitumikia altareni. Alitamani kuwa padri, lakini baba yake alikataa katakata. Akapelekwa shule ya Lovedale, kisha Chuo Kikuu cha Fort Hare mwaka 1959, ambako alisoma Kilatini na Kiingereza. Shahada aliipata mwaka 1962 kupitia Chuo Kikuu cha Rhodes. Tamthilia za Wagiriki wa kale na za Shakespeare alizipenda hadi mwisho wa maisha yake, na waliokaa naye msituni walizoea kumsikia akizitaja, jambo lisilo la kawaida kwa kamanda wa waasi.

Alikuwa amejiunga na Umoja wa Vijana wa ANC mwaka 1957 akiwa bado mwanafunzi, na Chama cha Kikomunisti mwaka 1961. Alifanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Cape Town akijifunza uanasheria, huku usiku akisambaza vijikaratasi. Alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, akapata dhamana, na mwaka 1963, kabla ya kifungo kuanza, akatoroka nchi. Kurudi kwake kihalali kungechukua miaka 27.

Kongwa

Baada ya mafunzo ya kijeshi katika Muungano wa Kisovieti, Hani alifika Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imewapa wapigania uhuru eneo la Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo Waingereza walikuwa wamefukia fedha nyingi katika mradi wa karanga ulioshindwa. ANC ilifungua kambi yake hapo mwaka 1964, jirani na wapiganaji wa FRELIMO kutoka Msumbiji na wa SWAPO kutoka Namibia.

Mwaka huo haukuwa mwepesi kwa majeshi ya eneo hili. Mwezi Januari askari wa Tanganyika Rifles walikuwa wameasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na ndani ya juma hilo hilo moto ukazuka pia Uganda na Kenya. Malalamiko yalihusu mishahara na maofisa wa Kiingereza waliobaki madarakani baada ya uhuru. Tanganyika ilivunja jeshi lote na kuunda jipya, Jeshi la Wananchi, lenye askari waliotoka katika Umoja wa Vijana wa TANU na lenye mafunzo ya siasa ndani ya makambi. Wazo kwamba mpiganaji afundishwe kwa nini anapigana, na asiishie kuamriwa tu, lilikuwa hewani.

Kongwa wazo hilo lilikutana na vumbi. Wapiganaji waliamka alfajiri, wakakimbia, wakafanya gwaride, wakalima bustani, wakasikiliza mihadhara, na siku iliyofuata wakayarudia hayo hayo. Kati yao na nyumbani zilikuwepo nchi zilizotawaliwa na Wareno na walowezi wa Rhodesia. Miezi iligeuka miaka. Baadhi yao walianzisha familia na wanawake wa Kongwa, na damu yao ipo huko hadi leo. Wengine walikata tamaa, wakatoroka hadi Kenya kuomba hifadhi. Manung'uniko yalizidi juu ya ukabila, na juu ya viongozi waliokuja kwa magari, wakahutubia, wakaondoka.

Aliyesimama juu ya jeshi hilo alikuwa Joe Modise, mzaliwa wa Doornfontein, Johannesburg, aliyekuwa dereva kabla ya kuingia katika harakati. Modise alikuwa mtu wa mjini, jasiri, aliyejua njia za panya na kuvusha watu mipaka. Uongozi wake ulikuwa wa amri: kamanda anajua, askari anatii. Hani alikuwa wa mkondo mwingine. Tofauti zao zingelitikisa jeshi lote.

Kuvuka Zambezi

Kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti mwaka 1967, kikosi cha pamoja cha ANC na ZAPU, chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe, kilivuka mto Zambezi na kuingia Rhodesia. Walikuwa watu wapatao 80. Kamanda alikuwa John Dube wa ZAPU. Hani, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa kamisaa, yaani mwenye dhamana ya siasa na moyo wa wapiganaji. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC uhamishoni, alifika mwenyewe kuwaaga mtoni.

Nia ilikuwa kupita katika mbuga ya Wankie, ambayo sasa inaitwa Hwange, na kufungua njia hadi Afrika Kusini. Ramani zilikuwa duni na maji yalikosekana. Wenyeji hawakuwa wameandaliwa kuwapokea. Hata hivyo waliwashambulia askari wa Rhodesia na kuwalazimisha kurudi nyuma katika mapambano kadhaa, hadi serikali ya Pretoria ikalazimika kupeleka polisi wake kusaidia.

Chakula kilipokwisha na risasi kupungua, kundi la Hani lilijiondoa na kuingia Botswana, nchi ambayo haikuwa hata imetimiza mwaka mmoja wa uhuru. Walikamatwa na kufungwa kwa kuingia na silaha. Wengi wa wenzao walikuwa wameuawa au kutiwa mbaroni Rhodesia, na baadhi yao walihukumiwa kifo.

Hani na wenzake walirudi Zambia mwishoni mwa mwaka 1968. Walitarajia kuitwa, kuhojiwa, na kueleza nini kilikwenda vibaya. Hawakuitwa.

Waraka

Mwanzoni mwa mwaka 1969, Hani na wenzake sita walitia saini waraka uliojulikana baadaye kama Waraka wa Hani. Ni mojawapo ya hati kali kabisa zilizowahi kuandikwa na wapiganaji wa Kiafrika dhidi ya uongozi wao wenyewe.

Waliandika kwamba viongozi uhamishoni wamegeuka watu wa mishahara na safari za ndege, na wamesahau nchi waliyotoka. Walilalamikia miradi ya biashara iliyoendeshwa Zambia kwa jina la harakati, na vijana wenye bahati waliopelekwa kusoma vyuo vya Ulaya huku wengine wakioza kambini. Walihoji nani anawajali waliofungwa Rhodesia. Walimtaja Modise kwa jina, na pia Duma Nokwe, katibu mkuu aliyesimamia usalama, wakidai kwamba idara yake ilikuwa na bidii zaidi ya kuwachunguza wapiganaji kuliko kumchunguza adui.

Lugha yao haikuwa na adabu za kawaida. Baadhi ya tuhuma zilivuka mpaka, na si zote zilizothibitishwa. Lakini waliweka saini zao chini, jambo ambalo mtu anayefanya njama halifanyi.

Katika jeshi lolote hayo ni makosa makubwa. Katika jeshi la uhamishoni, linalopenyezwa majasusi kila siku, yalionekana kuwa uhaini. Waliitwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya harakati. Walikuwepo waliotaka wauawe. Tambo aliingilia kati, na adhabu ikawa kufukuzwa.

Tambo hakuishia hapo. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei mwaka 1969, ANC ilikutana Morogoro, Tanzania, katika mkutano ambao ulichochewa kwa sehemu kubwa na waraka huo. Wajumbe zaidi ya 70 walihudhuria, chini ya uenyekiti wa J. B. Marks. Waandishi wa waraka hawakuwemo, walikuwa wamefukuzwa. Malalamiko yao, hata hivyo, yalitawala mjadala.

Tambo mwenyewe alijiuzulu mbele ya wajumbe, kisha akachaguliwa tena. Kamati kuu ilipunguzwa. Liliundwa Baraza la Mapinduzi ili siasa na vita viongozwe pamoja, na kwa mara ya kwanza wanachama wasio Waafrika weusi walikubaliwa katika ANC uhamishoni. Baada ya mkutano Hani na wenzake walirudishwa kundini. Morogoro ni mji ambao wasafiri wengi hupita kwa basi bila kusimama. Historia ya Afrika Kusini ilipinda hapo.

Lesotho

Mwaka 1974 Hani aliingia Afrika Kusini kwa siri kupitia Botswana, akapita Johannesburg, kisha akaenda kuishi Lesotho. Alikuwa amemwoa Limpho Sekamane, Msotho, na walijaliwa mabinti watatu. Katika miaka hiyo pia aliingia katika kamati kuu ya ANC.

Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwezi Juni mwaka 1976, vijana walimiminika nje ya nchi. Hani aliwapokea waliofika Maseru mmoja mmoja. Aliwauliza walikotoka, wamesoma nini, wazazi wanajua walipo. Wengi walikuja na hasira na kutaka bunduki siku hiyo hiyo. Yeye aliwapa vitabu kwanza, na sifa aliyoipata wakati huo ya kukumbuka majina ya watu na ya mama zao ilimfuata hadi kaburini.

Serikali ya kibaguzi ilimwinda. Alinusurika majaribio ya kumuua, likiwemo la bomu lililokusudiwa kwa gari lake. Tarehe 9 Desemba mwaka 1982 makomando wa Afrika Kusini waliingia Maseru usiku na kuua watu 42, kati yao Waafrika Kusini 30 na Wasotho 12. Hani hakuwepo. Baada ya hapo aliitwa Lusaka, na akawa naibu kamanda na kamisaa wa jeshi lote. Kamanda wake alikuwa Joe Modise.

Maasi ya Angola

Hapo ndipo swali la zamani lilipomrudia, safari hii akiwa upande wa pili wa meza.

Makambi makubwa ya Umkhonto we Sizwe yalikuwa yamehamia Angola. Vijana wa 1976 walikuwa wamekaa huko miaka. Malaria iliwaua, chakula kilikuwa haba, na idara ya usalama iliwatia hofu, hasa kwa kambi yake ya mahabusu iliyojulikana kama Quatro, ambako watu waliteswa. Mwaka 1983 waliagizwa kupigana na waasi wa UNITA katika eneo la Malanje, na Hani alikuwa miongoni mwa walioongoza mapigano hayo. Wapiganaji waliuliza kwa nini wafe kwa vita vya Angola ilhali walitoka kwao kwenda kumpiga Kaburu.

Mwezi Februari mwaka 1984 maasi yalizuka katika kambi ya Viana, nje ya Luanda. Wapiganaji walichagua kamati ya watu kumi. Walidai mambo matatu: wapelekwe nyumbani kupigana, idara ya usalama ichunguzwe, na uitishwe mkutano mkuu wa chama. Mtu aliyesoma waraka wa mwaka 1969 angeitambua sauti. Jeshi la Angola liliwapokonya silaha, na viongozi wao wakapelekwa Quatro.

Mwezi Mei ya pili yalifuata katika kambi ya Pango, na haya yalikuwa ya damu. Waasi waliua baadhi ya makamanda na walinzi na kuishika kambi kwa siku kadhaa kabla ya kuzidiwa nguvu. Hani alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuyazima. Wapiganaji saba walihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya haraka na kuuawa kwa kupigwa risasi.

Hani alieleza miaka ya baadaye kwamba alipoona mauaji hayo aliharakisha kwenda Lusaka kuwataka viongozi wayasimamishe, na ni kweli kwamba mauaji yalisimama. Baadhi ya waliokuwa wafungwa hawakumsamehe. Kwao yeye alikuwa sehemu ya uongozi uliowasaliti, na aliyeokolewa na huruma ya Tambo mwaka 1969 hakuwahi mapema kuwaokoa vijana saba waliokuwa wakisema karibu yale yale. Wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba Pango watu walikuwa wamekwisha kuuawa, na jeshi lililo vitani lisingeweza kulifumbia macho hilo. Hoja zote mbili zina uzito, na wasifu wowote wa Hani unaoruka mwaka 1984 unamdhulumu yeye na waliokufa.

Kilicho wazi ni kwamba mkutano uliodaiwa na waasi ulifanyika. Mwezi Juni mwaka 1985 ANC ilikutana Kabwe, Zambia, na kupitisha kanuni za maadili zilizoweka utaratibu wa mashtaka na kukataza mateso. Utekelezaji wake ulisuasua, na tume zilizoundwa miaka ya 1990 na ANC yenyewe zilithibitisha kwamba unyama ulikuwa umetendeka makambini.

Mwaka 1987 Hani alichukua nafasi ya Joe Slovo kama mnadhimu mkuu. Katika uongozi wake alijulikana kwa kukaa na kula na wapiganaji wa kawaida. Alipiga marufuku pia makamanda kujenga uhusiano wa kimapenzi na wasichana wapya waliofika makambini, kwa maelezo kwamba mtu asiyeweza kukataa amri hawezi kusemwa kuwa amekubali. Si makamanda wote walioifurahia amri hiyo.

Hakuwa mpole kwa adui. Mwaka 1988 kauli zake kwamba vita vingewafikia Wazungu katika maeneo yao ziliwatia kiwewe wengi, na uongozi wa ANC ukalazimika kusisitiza hadharani kwamba raia hawakuwa shabaha.

Kurejea Johannesburg

ANC iliruhusiwa tena kisheria mwezi Februari mwaka 1990, na Hani akarudi nyumbani miezi michache baadaye. Mwezi Agosti mapambano ya silaha yalisitishwa. Mwaka uliofuata, katika mkutano mkuu wa ANC mjini Durban, alipata kura nyingi kuliko wagombea wengine wote wa kamati kuu. Mwezi Desemba mwaka 1991 alichaguliwa katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, na akaachia cheo cha mnadhimu mkuu, kilichochukuliwa na Siphiwe Nyanda.

Hatua hiyo iliwashangaza wengi. Angeweza kusubiri uwaziri. Alichagua chama kilichokuwa kimepoteza mlezi wake baada ya kuanguka kwa dola ya Kisovieti.

Alihamia Dawn Park, mtaa wa Boksburg mashariki mwa Johannesburg, uliokuwa wa Wazungu watupu hadi muda mfupi kabla. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika vitongoji vya Vosloorus, Katlehong na Thokoza, watu waliuana kila juma. Wakazi wa mabweni ya wafanyakazi walioiunga mkono Inkatha walipambana na vijana wa ANC, huku mikono ya vyombo vya dola ikionekana. ANC ilikuwa imewasaidia vijana kuunda vikosi vya kujilinda, na Hani alikuwa mmoja wa waliolisukuma wazo hilo.

Vikosi hivyo vilianza kuoza. Vijana wenye bunduki zisizo na hesabu waligeuka wanyang'anyi, na mahakama za mitaani zikachoma watu. Hani alikuwa kati ya viongozi wa kwanza kulisema hilo hadharani, na alilisema mbele ya vijana wenyewe, waliomshangilia kwa kucheza toyi-toyi na kulitaja jina lake katika nyimbo. Mapema mwaka 1993 alianza kupendekeza viundwe vikosi vya amani vya vijana. Mtu ambaye Wazungu wengi walimwogopa kuliko wote sasa alikuwa akizunguka vitongojini kuwaambia wapiganaji waweke silaha chini hadi uchaguzi.

Jumamosi ya Pasaka

Tarehe 10 Aprili mwaka 1993, Jumamosi ya Pasaka, aliwapa walinzi wake ruhusa ya mapumziko. Alitoka kwenda kununua magazeti. Aliporudi na kushuka garini, Janusz Waluś, mhamiaji kutoka Poland, alimpiga risasi nne. Binti yake Nomakhwezi, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa nyumbani.

Bastola iliyotumika ilikuwa imeibwa miaka mitatu nyuma katika ghala la jeshi la anga mjini Pretoria. Waluś aliipata kutoka kwa Clive Derby-Lewis, mwanasiasa wa Chama cha Conservative. Waliotega mtego huo walitumaini kwamba watu weusi watalipiza, jeshi litaingia mitaani, na mazungumzo yatakufa.

Jirani wa Hani, mwanamke Kaburu, alisoma namba ya gari la muuaji na kupiga simu polisi. Waluś alikamatwa muda mfupi baadaye, silaha ikiwa bado garini. Katika siku hizo Nelson Mandela, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, alilihutubia taifa kupitia televisheni na kukumbusha kwamba aliyeua ni Mzungu na aliyesaidia kumkamata muuaji ni Mzungu pia. Ghasia zilitokea na watu walikufa, lakini nchi haikuwaka kama ilivyokusudiwa. Tarehe 19 Aprili makumi ya maelfu walijaa uwanja wa FNB, ukingoni mwa Soweto, kumuaga, kisha akazikwa Boksburg. Siku tano baadaye Oliver Tambo naye alifariki dunia mjini Johannesburg. Ndani ya wiki chache wajumbe wa mazungumzo walikubaliana tarehe ya uchaguzi: 27 Aprili 1994.

Jeshi lisilomwona

Siku hiyo hiyo ya uchaguzi lilizaliwa jeshi jipya la Afrika Kusini, kwa kuunganisha majeshi saba: jeshi la zamani la Makaburu, Umkhonto we Sizwe, wapiganaji wa chama cha PAC, na majeshi ya bantustani nne. Waziri wa ulinzi wa kwanza alikuwa Joe Modise. Mkuu wa majeshi, hadi mwaka 1998, alikuwa Georg Meiring, jenerali wa jeshi la zamani. Aliyempokea ni Siphiwe Nyanda.

Utamaduni mbili zilikutana langoni. Upande mmoja walikuwa maofisa waliozoea Kiafrikana, saluti na karatasi. Upande mwingine wapiganaji walioitana makomredi, wengi wao wakiwa na uzoefu wa miaka lakini bila cheti cha kuonyesha. Walipangiwa vyeo na maofisa ambao jana walikuwa shabaha yao. Katika kambi ya Wallmannsthal, karibu na Pretoria, chakula na malazi vilikuwa vibaya, na maelfu waliondoka kupeleka malalamiko yao kwa Mandela mwaka 1994. Rais aliwasikiliza, akawapa muda wa kurudi, na zaidi ya 2,000 ambao hawakurudi walifukuzwa.

Kazi ya kamisaa haikuingia katika jeshi jipya. Baadaye yaliingizwa masomo ya uraia, yanayomfundisha askari katiba na kwamba amri isiyo halali haipaswi kutiiwa. Kiingereza kilichukua nafasi ya Kiafrikana katika amri. Chuki hazikwisha kwa masomo: mwezi Septemba mwaka 1999 luteni mmoja aliyetoka katika wapiganaji wa PAC aliwaua watu saba weupe katika kambi ya Tempe, Bloemfontein, kabla ya kuuawa mwenyewe.

Wauaji wa Hani walihukumiwa kifo mwaka 1993, lakini adhabu hiyo ilifutwa nchini na wakabaki na kifungo cha maisha. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliwanyima msamaha mwaka 1999, kwa kuona kwamba hawakueleza ukweli wote. Derby-Lewis aliachiliwa kwa sababu ya ugonjwa mwaka 2015 na kufa mwaka uliofuata. Mwezi Novemba mwaka 2022 Mahakama ya Katiba, yenye makao yake Johannesburg, iliamuru Waluś aachiliwe kwa masharti. Limpho Hani alitoka mahakamani kwa hasira na kuulaani uamuzi huo mbele ya waandishi wa habari. Waluś alirudishwa Poland mwezi Desemba mwaka 2024.

Miezi mitatu kabla ya hapo, mabaki ya wapiganaji kadhaa waliofia uhamishoni yalikuwa yamewasili Afrika Kusini kutoka Zambia na Zimbabwe na kupokewa kwa heshima za kijeshi. Miongoni mwao yalikuwemo ya Duma Nokwe, aliyetajwa kwa jina katika waraka wa mwaka 1969.